Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara: kuna mtoto nyuma ya baiskeli

Waheshimiwa,

Barua hii ni kwenu mnaochora barabara, mnaotunga sheria za usalama barabarani na mnaoidhinisha vifaa vya watoto kabla havijafika dukani. Najua hizo ni ofisi tatu tofauti, na mara nyingi kila moja humwelekeza mwananchi kwa mwenzake. Ndiyo maana nawaandikia nyote kwa pamoja, tena hadharani, asiwepo wa kusema barua ilimpita.

Mimi ni mzazi ninayeendesha baiskeli na mtoto mdogo. Tuko wengi: mama anayempeleka mwanawe kwa mlezi kabla ya kuwahi kazini, baba anayetoka na familia siku ya mapumziko, bibi anayemrudisha mjukuu kutoka shule ya awali. Tukiuliza watoto hawa watalindwaje, jibu lenu huwa lilelile: mvalisheni helmeti, mfungeni mkanda, epukeni barabara zenye magari mengi. Ushauri huo si mbaya, na tunaufuata. Lakini usomeni tena polepole. Kila kilichomo ni kazi ya mzazi; hakuna hata kimoja kilicho kazi yenu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu umeonekana mwepesi kwa kuwa haukai mabegani mwenu.

Ombi langu ni kwamba sehemu ya usalama wa mtoto huyu iliyo mikononi mwenu, ibebeni ninyi. Mzazi, hata awe mwangalifu kiasi gani, hapunguzi mwendo wa gari linalomjia kwa nyuma. Hapanui upenyo kati ya nguzo mbili za chuma. Hana maabara ya kupima kama plastiki ya kiti alichonunua itahimili mtikisiko wa miaka mitatu. Hayo hufanyika ofisini kwenu, kwa kalamu na mhuri, na yakishafanyika humlinda mtoto wa mzazi mwangalifu na wa mzazi mzembe sawasawa.

Nianze na baiskeli yenyewe, maana nina wasiwasi kwamba wengi wanaotuamulia hawajawahi kuisukuma ikiwa na mtoto.

Kiti cha nyuma hukaa juu ya gurudumu, juu zaidi ya mzigo wa kawaida wa keria, na anayekaa humo hatulii. Kaona ndege, kainama kulia. Kiatu kimedondoka, kageuka kukitafuta. Baiskeli ikiwa inakwenda, hayo yote yanavumilika, kwa sababu mwendo wenyewe huisaidia kusimama wima na mwendeshaji huirekebisha kwa usukani bila hata kufikiri. Kasheshe ni pale inaposimama. Mtazameni mzazi anapompandisha mtoto: nyonga imeegemeza fremu, mkono mmoja umeshika siti, mwingine unahangaika na kifungo cha mkanda ambacho mtoto naye anataka kukifunga mwenyewe. Stendi ya mguu mmoja inazama kidogo kwenye udongo. Gurudumu la mbele linageuka lenyewe, uzito unahama, baiskeli inalala. Mtoto keshafungwa, kwa hiyo anakwenda nayo chini kutoka kimo cha karibu mita moja, bila nafasi ya kutanguliza mikono. Anguko hilo halikuhitaji gari, wala kona kali, wala mwendo.

Tiba yake inajulikana. Ni stendi ya miguu miwili, pana, pamoja na springi ndogo ya kuzuia usukani usigeuke hovyo. Tatizo ni kwamba mara nyingi vitu hivi huuzwa kama nyongeza kwa anayetaka, na mzazi anayenunua kwa mara ya kwanza hajui kwamba anavitaka. Ofisi ya viwango inaweza kuagiza kwamba baiskeli yoyote inayotangazwa kuwa ya kubebea watoto isitoke kiwandani na stendi ya mguu mmoja. Na ninyi mnaojenga zahanati, shule na bustani za umma, tuwekeeni pa kuegesha palipo tambarare na pagumu. Vyuma vya kuegeshea vikibanana mno, kiti cha mtoto hugota kwenye usukani wa jirani, na mzazi huishia kumshusha mwanawe kwenye mteremko wa nje.

Kuondoka baada ya kusimama nako kuna mtihani wake. Ile mizunguko michache ya kwanza ya pedali, kabla baiskeli haijashika mwendo, mzigo unayumba na gurudumu la mbele linatafuta njia. Mwendeshaji mzoefu huyumba kidogo, mgeni huyumba zaidi, lakini kila mtu huyumba. Kwa hiyo kila mahali mnapotusimamisha ni mahali mnapotuomba tuyumbe mbele ya magari. Wakati mwingine hapana budi. Lakini tazameni makutano mengi: mwenye baiskeli husimama ubavuni mwa lori, kitufe cha kuombea taa ya kijani kiko mbali na mkono hadi ushuke ukifuate, na taa yenyewe ikiwaka hudumu kiasi cha kumtosha kijana aliye mwepesi. Tungepewa nafasi ya kusubiria mbele ya magari, pale dereva anapomwona mtoto kwa macho yake, na sekunde chache za kutangulia, nusu ya hofu ingeondoka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, na mniwie radhi nikilisema kwa ukali. Ni kile kisiwa cha katikati ya barabara.

Mmekijenga ili anayevuka avuke kwa awamu mbili: upande mmoja, apumzike, kisha wa pili. Wazo zuri. Lakini upana wake mmeupima kwa mtu anayetembea. Waingereza, katika mwongozo wao wa kusanifu miundombinu ya baiskeli wa mwaka 2020, waliamua kwamba kila kitu kipimwe kwa baiskeli yenye urefu wa mita 2.8 na upana wa mita 1.2, ili tela (kile kigari cha kubebea watoto kinachovutwa nyuma ya baiskeli), baiskeli za mizigo na zile za watu wenye ulemavu zote ziingie. Chukueni kipimo hicho mkalinganishe na kisiwa chenye kina cha mita moja na nusu. Gurudumu la mbele limefika ukingo wa pili, mwendeshaji amesimama katikati akisubiri, na kilichobaki nje, kwenye njia ya magari, ni tela. Ndani ya tela ndimo alimo mtoto. Yaani mzazi yuko salama kisiwani na mwanawe yuko barabarani, nyuma yake, chini kuliko boneti ya gari, pasipoonekana vizuri.

Hilo si kosa la mzazi. Hakuna helmeti inayolirekebisha. Ni tarakimu moja kwenye mchoro, na aliyeiandika anaweza kuibadilisha.

Vivyo hivyo na vile vizuizi vya vyuma mnavyoviweka mwanzoni mwa njia za miguu na baiskeli, viwili vimekingamana ili pikipiki zisipite. Dereva wa pikipiki aliyeamua kupita hupita tu. Hukata kona pembeni kwenye nyasi. Asiyepita ni mwenye tela. Inabidi ashuke, amtoe mtoto aliyekwisha lala, amweke chini au ambebe kwa mkono mmoja, achomoe pini ya kuunganishia tela, aipitishe baiskeli, arudi kwa ajili ya tela, aliinamishe ubavu, kisha aunganishe upya huku mtoto akilia. Mbele mita mia chache kuna kizuizi kingine. Matokeo yake mnayajua: kesho mzazi huyo huiacha njia mliyomjengea kwa fedha za umma, anapita barabara kuu. Mwongozo huohuo wa Uingereza unasema vizuizi vya namna hii visitumike, na nguzo zikiwekwa ziachiane mita 1.5. Tela la watoto wawili kwa kawaida ni chini ya mita moja kwa upana. Linapita bila kugusa.

Mwendo wa magari umeshaandikwa sana, sitaurefusha. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 katika sekunde moja ambayo dereva bado hajaanza hata kukanyaga breki. La kilomita 30 husafiri kama mita 8. Na nguvu ya kugonga haiongezeki kwa kadiri ya mwendo bali kwa kadiri ya mwendo mara mwendo, kwa hiyo tofauti kati ya 30 na 50 ni karibu mara tatu. Haya si madai ya wapenda baiskeli. Mwezi Februari 2020 mawaziri na wajumbe wa serikali kutoka duniani kote walikutana Stockholm wakatoa tamko, likaungwa mkono mwaka huohuo na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwamba mahali ambapo magari huchanganyika mara kwa mara na watu wasio na ulinzi wa bodi ya gari, kikomo kiwe kilomita 30 kwa saa, ila pale penye ushahidi thabiti kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Hispania haikuishia kwenye tamko. Tangu Mei 2021, mitaa ya mijini yenye njia moja kila upande ina kikomo hicho kisheria.

Mtaniambia nchi fulani zimezaliwa na baiskeli, watu wake ndivyo walivyo. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi na haina mashiko. Mwaka 1971 huko Uholanzi watu wapatao 3,300 walikufa katika ajali za barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Barabara zilikuwa zinapanuliwa kwa ajili ya magari, baiskeli zikisukumwa pembeni, kama inavyofanyika kwingi leo. Wazazi waliingia mitaani, wakafunga barabara, wakaunda harakati waliyoiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Kufikia 1976 sheria ilikuwa imeutambua mtaa wa makazi ambamo mtu na mchezo wa mtoto hutangulia, gari likafuata kwa mwendo wa mguu. Njia zile za baiskeli ambazo wageni huzipiga picha hazikuota. Zilidaiwa, na wenye dhamana wa wakati ule, walioshika nafasi kama zenu, walisikia.

Naigusia Uholanzi kwa sababu nyingine pia, na hapa sitawafurahisha baadhi ya wazazi wenzangu.

Kuna picha zinazosambaa za watoto wachanga waliolazwa ndani ya sanduku la baiskeli ya mizigo, wengine wakiwa kwenye kiti cha gari kilichofungwa humo, na chini yake mzazi ameandika kwamba huko Uholanzi wanaruhusiwa, kwa nini sisi tunakatazwa? Mimi siungi mkono. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo inayokibeba bado haina misuli ya kukihimili kikitikiswa. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe huporomoka akiketishwa, mgongo ukapinda, kidevu kikalala kifuani, na njia ya hewa ya mtoto wa umri huo ni nyembamba. Ukimvalisha na helmeti, umeongeza uzito palepale penye udhaifu. Madaktari wa watoto nchini Marekani, kupitia chama chao, hushauri mtoto asipandishwe baiskeli kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na jimbo la New York limeliandika hilo kwenye sheria yake ya barabara. Nakubaliana nao. Anayetaka kunakili ruhusa ya nchi nyingine ainakili na barabara yake pia, yenye lami laini, iliyotengwa na magari. Ruhusa bila lami ni mtego.

Ninachowaomba katika suala la umri ni kusema wazi, na kutoa sababu. Agizo tupu la “chini ya mwaka mmoja hairuhusiwi” humfanya mzazi aamini kwamba siku ya kuzaliwa ikifika tu mambo yamekwisha. Wapo watoto wa miezi kumi na minne ambao bado shingo hulegea wakichoka, na wapo waliozaliwa kabla ya wakati ambao kalenda haiwatendei haki. Mwelezeni mzazi aangalie nini: je, mtoto anakaa bila kuegemea, anakigeuza kichwa na kukirudisha kwa urahisi, anavumilia kofia yenye uzito bila kuinama? Mhudumu wa kliniki anayempima mtoto uzito anaweza kuyatazama hayo kwa dakika mbili na kumwambia mzazi. Sheria yenu itafsiriwe kwa lugha ya namna hiyo na kubandikwa palepale penye mizani.

Na kwa mtoto anayebebwa mgongoni au kifuani mwa mwendeshaji, semeni pia, msinyamaze. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa wanajiona wamemkumbatia. Baiskeli ikianguka, mtoto huyo huanguka na uzito wote wa mtu mzima, na pengine chini yake.

Vifaa sasa. Wajerumani wana kifungu kwenye sheria yao ya barabara ambacho ningependa kukiona kila mahali. Mtoto aliye chini ya miaka saba hubebwa na mtu mwenye umri wa angalau miaka 16, kwenye kiti maalumu, na lazima kuwe na kinga ya gurudumu au kifaa cha namna hiyo ili miguu ya mtoto isiingie kwenye spoku. Hapo kwenye spoku ndipo pamenifanya niheshimu aliyeandika. Anayejua majeraha ya watoto kwenye baiskeli anajua habari ya kisigino. Mtoto kakaa kwenye keria tupu, au kwenye kiti ambacho vikanyagio vyake vimelegea, mguu ukaning'inia, ukavutwa na gurudumu linalozunguka hadi ukabanwa kati ya spoku na fremu. Ngozi ya kisigino huchunika, mfupa wakati mwingine huvunjika, na kidonda hukawia kupona kwa sababu mahali pale nyama ni haba. Ajali hii huweza kutokea mtaani kwenu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kipande cha plastiki au wavu wa kufunika upande wa gurudumu kinaizuia. Kinachokosekana ni sentensi moja kwenye kanuni.

Tena kuna hesabu ndogo ambayo wauzaji hawawafanyii wateja. Kiwango cha Ulaya cha viti vya baiskeli, EN 14344, hukubali kiti cha nyuma kwa mtoto wa kilo 9 hadi 22, na cha mbele hadi kilo 15. Keria nyingi zimegongwa mhuri wa kilo 25. Mtoto wa kilo 22 akikaa kwenye kiti chenye uzito wa kilo 4, keria imeshazidiwa, ilhali mzazi ameheshimu lebo zote mbili kila moja peke yake. Kisha anatundika mfuko wa nepi. Waambieni watengenezaji waandike uzito wa mtoto na kiti kwa pamoja, kwa maandishi makubwa, katika lugha anayoisoma mnunuzi. Karatasi ya maelekezo yenye lugha kumi na isiyo na ya kwetu haimsaidii mtu.

Kuhusu helmeti nina machache, kwa kuwa ndiyo mnayoipenda zaidi. Mvalisheni mtoto, ndiyo, mimi namvalisha. Ila mjue helmeti ya baiskeli hupimwa kwa nini. Kwa kiwango cha Ulaya EN 1078 huangushwa kutoka kimo cha mita moja na nusu hivi, ikafika chini kwa mwendo usiotimia kilomita 20 kwa saa. Imetengenezwa kwa ajili ya kichwa kinachoanguka, na kwa lile anguko la stendi niliyoieleza inafaa sana. Haikutengenezwa kushindana na gari la kilomita 60. Bango linalomwonyesha mtoto mwenye helmeti kandokando ya barabara ya namna hiyo linampa mzazi matumaini ambayo maabara haikuyatoa. Halafu mabango yenu yaseme na hili: mtoto akishuka kwenda kucheza, helmeti ivuliwe, maana akipanda bembea au ngazi za kuchezea, mkanda wa kidevuni unaweza kukwama na kumning'iniza. Kwa hatari hiyo Ulaya imeweka kiwango tofauti kabisa, EN 1080, chenye kifungo kinachojiachia. Na mnaopima viti, pimeni kiti na helmeti vikiwa pamoja. Vipo viti ambavyo mgongo wake hauna nafasi ya kisogo cha helmeti, hivyo mtoto husukumwa kichwa mbele safari nzima, na akisinzia hali huwa mbaya zaidi.

Jambo dogo kwa wanaoandika vipeperushi: mwendeshaji anayepiga pedali hupata joto, mtoto aliyetulia nyuma yake hupigwa upepo. Mzazi anatoka jasho na vidole vya mtoto vimekuwa baridi. Kwenye tela wakati wa jua kali mambo hugeuka. Pazia la plastiki likifungwa, humo ndani hewa hukaa. Aya mbili za ushauri wa aina hii zingesaidia kuliko picha nyingine ya familia inayotabasamu.

Baiskeli za umeme zinaongezeka, nazo ni ahueni kubwa kwa anayepandisha mlima na watoto wawili. Nyingi za kubebea mizigo ni nzito, zikianza kulala mtu mmoja hawezi kuzizuia. Msisubiri zijae barabarani ndipo mfikirie breki zake na stendi zake.

Nakuja kwa jambo la haki. Mkishaandika sheria nzuri kuhusu viti na kinga za spoku, kishawishi kitakuwa kuwatuma askari kuwakamata wasio navyo. Atakayekamatwa kwanza ni yule aliyemfunga mwanawe kwenye keria kwa kuwa hana njia nyingine ya kumfikisha anakokwenda. Faini haitampatia kiti. Itamrudisha kwenye usafiri hatari zaidi, au itamfanya apite vichochoroni. Fanyeni kwanza viti viwe vya kufikika: ondoeni kodi kwenye vifaa vya usalama vya watoto, ruhusuni vituo vya jamii viazimishe viti na kupokea vilivyotumika baada ya fundi kuvikagua. Kiti cha baiskeli hutumika miaka michache tu, kisha mtoto anakizidi uzito. Vingi viko stoo vinakula vumbi. Adhabu ije baadaye, kama itahitajika.

Takwimu pia. Mtoto akiletwa hospitali au akiandikwa kwenye ripoti ya ajali, andikeni alikuwa amekaa wapi: keria, kiti cha mbele, kiti cha nyuma, tela, au alibebwa mwilini. Andikeni kama baiskeli ilikuwa inakwenda au imesimama. Fomu yenye neno “baiskeli” peke yake haiwezi kumfundisha mtu kutofautisha ajali ya lori na ile ya stendi, na ninyi mtaendelea kutibu zote mbili kwa bango la helmeti.

Siwaombi mfanye yote kwa mwaka mmoja. Najua barabara hujengwa kwa bajeti, na bajeti ina foleni. Ila naomba kila mchoro mpya unaopita mezani kwenu, kuanzia sasa, upimwe kwa baiskeli yenye mtoto kabla ya kupigwa mhuri: inaingia kisiwani nzima? Inapita kati ya nguzo? Inapata muda wa kuondoka kabla magari hayajaachiliwa? Kama jibu ni hapana, mchoro urudishwe kwa mchoraji, na urudishwe kwa maandishi ili sababu ijulikane.

Vizuizi vya vyuma havihitaji hata kusubiri mchoro. Vimefungwa kwa nati. Mtu mmoja mwenye spana na barua ya ruhusa kutoka kwenu anaweza kuviondoa vya njia nzima kati ya asubuhi na mchana, na ningependa kujua ni lini atatumwa.

Nasubiri majibu yenu, ya maandishi kama yalivyo maombi yangu.

Wenu,
Mzazi mwendesha baiskeli